Pumzi Juu ya Vumbi

Katika maabara ya vumbi walifanya kazi dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, na kama hukuambiwa usingejua. Mkubwa alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na macho yake yaliona karibu tu, lakini miwani aliikataa katakata kwa kuwa eti inamzeesha. Mdogo alikuwa mrefu, na kicheko chake kilisikika mpaka kwenye ngazi. Yule mkubwa wenzake walimbandika jina la Kaboneti, maana kwa miaka mingi hakuwa na hadithi nyingine. Mdogo aliitwa Kitinda. Ni jina la nyumbani, la mtoto wa mwisho, na lingebaki nyumbani kama dada yake asingelitamka mbele za watu siku ile alipoanza kazi. Likaganda.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Angani huelea vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, na linapoelea halikai bure. Gesi ya salfa, ile inayotoka viwandani na kuwasha koo, hutua juu ya chembe za vumbi na kugeuka kuwa salfeti, na salfeti ndiyo inayoushikilia ule ukungu mchafu juu ya miji. Maabara ilitaka kujua gesi hiyo inageuka kwa kasi gani. Kwa hiyo walitandaza unga wa madini kwenye visahani vya kioo, wakaupitishia gesi chini ya taa kali iliyoshika nafasi ya jua, huku mashine ikichora grafu ya kinachotokea.

Sasa, unga huo ukikutana na hewa ya ukaa hupata utando mwembamba wa kaboneti na bikaboneti, mwembamba kiasi kwamba mashine peke yake ndiyo huuona. Watu wote pale waliuita uchafu. Waliuchoma kwenye tanuri, wakaupoza unga ndani ya sanduku kavu lenye kifuniko, wakaendelea na mambo ya maana. Dada Kaboneti peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba utando huo si uchafu, kwamba vumbi la angani halina tanuri la kulisafisha, na kwamba gesi ikitua penye kaboneti hufanya mambo mengine kabisa. Aliyasema hayo kwenye vikao mpaka Mkuu wa maabara akazoea kutazama saa ya ukutani kila alipomwona ananyoosha mkono. Hakupewa hata mtungi mmoja wa gesi wa kulijaribia wazo lake.

Alichofanikiwa kuacha pale ni sheria ya pumzi. Pumzi ya mtu imejaa hewa ya ukaa na unyevu, vitu viwili ambavyo utando huo unavipenda sana, kwa hiyo ye yote anayeinamia unga ulio wazi lazima azuie pumzi na kugeuza uso pembeni. Kila mgeni alifundishwa na yeye. Alisimama nyuma yake, kiganja mgongoni, na akihisi mgongo umepanda alimwaga unga wote na kumwanzisha upya. Kitinda naye alipita mikononi mwake hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi kwa sababu ni ndugu, na alimwagiwa unga mpaka akalia machozi. Baadaye hakuna aliyekuwa na mikono mitulivu kuliko yeye.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwaka huohuo unga wa Kitinda ulianza kuimeza gesi ya salfa kwa kasi ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kuiona. Ilikuwa karibu mara mbili ya kasi ya wenzake, unga uleule, taa ileile. Kitinda mwenyewe alidhani ni namna anavyoutandaza, mwembamba na sawasawa. Mkuu alianza kupita chumbani kwake asubuhi na kikombe chake cha chai mkononi. Halafu ikatangazwa kwamba kitengo kipya cha vumbi kinafunguliwa, kwamba kitahitaji mkuu wake, na kwamba wajumbe wa bodi watakuja kusikiliza kazi zilizofanyika kabla ya kumteua. Mwaka uliotangulia, kitengo hicho kikiwa bado tetesi tu, mtu akiuliza nani atakiongoza aliambiwa ni Kaboneti, nani mwingine. Sasa Mkuu akiulizwa alijibu, "Tutaona."

Hilo "tutaona" lilimkaa Kaboneti kooni. Alikuwa mtu wa kazi, hajawahi kumtakia mtu baya, na pengine kama mshindani angekuwa mgeni angekunja sura siku mbili yakaisha. Lakini huyu yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga viatu kwenda shule. Yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa vidole, akampa sketi zake zilizombana, akamtafutia nafasi hapo hapo kazini kwa kumsihi Mkuu kwa miezi. Na sasa mdogo wake anapita ukumbini watu wanampisha. Roho ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia, maana mtu wake wa kuambiwa mambo ya namna hiyo siku zote alikuwa ni Kitinda.

Jumapili walikutana kwa mama yao, ambako Kitinda alikuwa bado anaishi. Mama hakuwahi kuielewa kazi yao na hakujisumbua kuielewa. Kwake, serikali ilikuwa inawalipa binti zake wapime vumbi, na kila walipokuja aliwaonyesha rafu ya vyombo. "Njooni mpime na hili," alisema, "labda nami nitalipwa." Walicheka wote. Kisha alianza kumsifia Kitinda, jinsi anavyorudi nyumbani amechoka, jinsi Mkuu alivyompigia simu mpaka nyumbani, halafu akamgeukia mkubwa na kumuuliza na yeye ya kwake imefikia wapi. Aliuliza kwa mapenzi, mama yule hakuwa na kijicho na mtoto. Kaboneti alisema inaendelea. Chai ilimpita kooni kama maji ya chumvi.

Kuchungulia alikuwa amekuanza zamani, tangu watu walipoanza kuisifu mikono ya mdogo wake, na sasa kukawa kwa kila siku. Mchana wenzake waliposhuka kwenda kula, yeye alisema hana njaa. Aliingia chumba cha Kitinda, akafungua kifuniko cha sanduku kavu, akaviinamia vile visahani kuona mdogo wake anautandaza vipi huo unga wake wa miujiza. Kwa macho yale bila miwani, kuinama kwake ilikuwa ni pua kugusa kioo. Akakiangalia hiki, akahamia kile. Akatafuta kosa, ufa, uvimbe, cho chote. Alipokosa, alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeonewa, akafunga kifuniko na kuondoka. Kesho yake akarudi. Ikawa ni desturi, na njaa ya mchana ikamtoka kweli.

Mtaniambia, mwalimu mzima wa pumzi, aliyewaliza watoto wa watu, asijue anachofanya? Hakujua. Kichwani mwake hakuwa kazini saa ile. Alikuwa mtu anayechungulia dirisha la jirani, na mtu wa namna hiyo hakumbuki sheria za maabara. Nami sitamtetea zaidi ya hapo.

Ikatokea akatumwa mji mwingine kwenye mafunzo. Huko Kitinda alimpigia simu, sauti imekwisha. Unga umekataa. Umerudi kwenye kasi ya kila mtu, na wajumbe wa bodi wanakuja mwezi ujao. Amebadilisha mtungi wa gesi, amebadilisha taa, amelala hajalala. Kaboneti alimpa pole, akamwambia avumilie, vifaa vina siku zake. Kisha akakata simu, akalala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu mvua zilizopita. Asubuhi alijiona vibaya kidogo, lakini kifungua kinywa alikimaliza.

Aliporudi, uchunguliaji nao ukarudi, na kasi ya unga ikarudi vilevile. Kitinda alimkumbatia kwenye korido. "Umekuja na baraka zako, dada," alimwambia. Kaboneti alijikaza akatabasamu.

Siku chache kabla ya bodi, Kitinda alimletea grafu zake zote akamwomba azipitishie jicho. Alizipanga mezani mbili mbili, za siku nzuri upande huu na za zile siku mbaya upande ule, akaenda kukutana na Mkuu. Watu wote waliozitazama grafu hizo walitazama mahali pamoja, pale salfeti inapopanda. Kaboneti alitazama kwingine, kwa mazoea tu, pale kwenye kona yake ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Katika grafu za siku nzuri palikuwa na vilima vidogo, vimesimama pamoja, na yeye alivijua kuliko alivyozijua sura za shangazi zake. Bikaboneti. Katika grafu za siku mbaya pale palikuwa tambarare.

Moyo ulimruka kwa furaha. Furaha ya kwanza ilikuwa safi kabisa: miaka yote ile alikuwa na haki, utando unaibadilisha gesi, ushahidi huu hapa mezani. Furaha ya pili haikuwa safi hata kidogo, kwamba Kitinda hana ufundi wo wote wa kutandaza, kwamba kuna mpumbavu anaupumulia unga wake na yeye anatamba nao. Alianza kujiuliza mpumbavu huyo ni nani. Fundi wa mitungi? Mfagiaji? Akazipanga tena grafu, akaangalia ni siku zipi zilikuwa tambarare: ni zile zile alizokuwa yeye mafunzoni.

Kesho yake mchana alishuka kula na wenzake. Alimaliza sahani yake bila kujua alichokula. Jioni alimsikia Kitinda chumbani kwake anapekua mitungi na kulalamika peke yake, unga umekataa tena.

Kutoka hapo njia zilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kunyamaza, Kitinda akapewa kitengo, na siku moja maabara nyingine ingelirudia jaribio hilo, ikose kasi ile, na aibu imkute mdogo wake mbele ya dunia. Au angeweza kukaa ukumbini siku ya bodi, akanyoosha mkono kwa upole na kuuliza swali moja dogo: je, una hakika kwamba sampuli hizi hazikupumuliwa? Hakuna ambaye angemuuliza yeye amejuaje. Angekuwa ni Kaboneti tu, mwenye kaboneti zake, na safari hii Mkuu asingeitazama saa. Njia hii ilimpendeza. Alilifanyia mazoezi swali lile mbele ya kioo cha msalani, akilipunguza makali hapa na pale mpaka likatoka kama la mtu mwenye huruma. Ilikuwepo na njia ya tatu, ya kumwambia Kitinda ukweli, lakini hiyo ilimtaka aseme alikuwa anafanya nini chumbani mwake mchana.

Jioni ya kuamkia siku ya bodi alipita kwa mama yake kuchukua vyombo vyake. Aliwakuta sebuleni, Kitinda amesimama mbele ya televisheni iliyozimwa anajizoeza kusema, na mama kajifunga kitenge kipya, amekaa kwenye kochi, ndiye bodi nzima. Mama aliuliza vumbi hilo linatoka wapi na linafuliwa kwa sabuni gani, Kitinda akamjibu kwa heshima zote za mjumbe. Kaboneti alisimama mlangoni. Kitinda akafika mwisho, pale pa kushukuru watu, na wa kwanza kumtaja alikuwa ni dada yake, aliyemfundisha kuzuia pumzi.

Kaboneti alilisikia lile swali lake la msalani likikauka mdomoni. Alimwona mdogo wake amesimama kesho mbele ya watu wale, anashukuru kwa pumzi, halafu yeye ananyoosha mkono. Alimwita jikoni, akaurudisha mlango, akamwambia yote: vilima kwenye kona ya grafu, siku zilizokuwa tambarare, kifuniko, mchana.

Kitinda hakuonekana kushangaa pale alipotegemewa ashangae.

"Nilijua unaingia," alisema. "Kifuniko nilikuwa nakikuta kimegeuka. Nilifikiri unanikagulia kazi."



"Ndiyo maana nikamwambia Mkuu nina uhakika," aliendelea Kitinda. "Nilijua dada anapita kila siku. Angeona kosa, angeniambia."

Kulikuwa na bilauri kwenye sinki, safi, na Kitinda akaichukua akaanza kuiosha. Kaboneti angeweza kuuacha uongo huo mzuri ulivyo. Ulikuwa umeshakatwa na kushonwa, kazi yake ni kuuvaa tu. Lakini alikwishaanza kusema ukweli, na ile bilauri safi inayooshwa tena ilimtisha.

"Sikuwa nakukagua," alisema. "Nilikuwa nakuonea wivu."

Kitinda aliisuuza bilauri, akaifuta, akairudisha kabatini. "Sawa, dada," alisema. Mama akaita kutoka sebuleni kwamba bodi imechoka kungoja na inataka chai.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Kitinda alipanda mbele bila grafu zake nzuri. Aliwaambia wajumbe kwamba kasi waliyoisoma kwenye taarifa si ya unga, ni ya kaboneti iliyoota juu yake, na imeota kwa sababu unga ulipumuliwa kabla ya kuingia kwenye mashine. Chumba ni changu, alisema, sanduku ni langu, sikulilinda, na kosa ni langu. Alisema taratibu na kwa sauti iliyofika nyuma, kisha akaomba radhi na kwenda kukaa. Hakumtaja mtu.

Wajumbe walinong'onezana. Mkuu, ambaye aliona kitengo chake kinateleza, alisimama haraka kuokoa jahazi. Aliwaambia kwamba kosa hilo limezaa jambo kubwa, kwamba yupo hapa mtaalamu ambaye kwa miaka amekuwa akituambia utando huu si uchafu, nasi hatukumsikia. Alisema kitengo cha vumbi kinamhitaji mtu kama huyo. Akamwonyesha Kaboneti kwa mkono. Mjumbe mmoja akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Yalikuwa ni makofi yale aliyoyatamani, ukumbi uleule, Mkuu yuleyule. Kaboneti alimtazama Kitinda. Kitinda alikuwa anapiga makofi kuliko wote, macho yamemvimba na uso umetulia, na hakuwa anaigiza. Alikuwa amempa dada yake kitengo, jina, na heshima ya kutoaibishwa, vyote kwa asubuhi moja, na alikuwa hadai kitu.

Hapo wivu ukampanda Kaboneti upya, mkali kuliko wa visahani. Alimwonea mdogo wake wivu kwa wema wake. Mpaka kwenye kosa amemshinda, mpaka kwenye kuanguka. Kuanzia leo atakaa kwenye kiti cha kitengo, na kila akikikalia atakuwa amekalia fadhila ya Kitinda. Msifikiri alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa usafi wa moyo, hata yeye hakujidanganya hivyo. Alishindwa tu kuvumilia. Alisimama, na makofi yakaongezeka, wakidhani anakuja kushukuru.

"Pumzi ilikuwa yangu," alisema. "Nilikuwa naingia chumbani kwa mdogo wangu mchana, nachungulia kazi yake kwa wivu. Yeye hana kosa lo lote. Kitengo mpeni yeye, au mpeni mtu mwingine."

Makofi yalikufa moja moja, wa nyuma wakiwa wa mwisho kwa sababu hawakusikia vizuri. Mkuu alitazama saa ya ukutani. Kaboneti alibaki amesimama, mwepesi kifuani kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akaugeuza uso kumtafuta Kitinda, akitegemea kuona shukrani au angalau machozi.

Kitinda alikuwa ameacha mikono yake mapajani. Alimtazama dada yake, akasema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Hata hili moja, dada," alisema, "umeshindwa kuniachia."